Ukihariri picha ya bidhaa, bidhaa yenyewe iwe mezani

Kazi yangu hapa Mtwara ni kusafisha picha za wafanyabiashara: vitenge na kanga, magauni ya mafundi cherehani, korosho, vinyago vya mpingo. Wanaoanza huniuliza watumie programu gani. Photoshop, Lightroom au Snapseed ya kwenye simu, yoyote itakufaa. La muhimu, mwombe mteja akuachie mzigo mpaka picha ikamilike. Macho husahau rangi upesi sana, na mnunuzi aliye Dodoma hana namna ya kukishika kitu. Anaamini rangi uliyomwonyesha.

Chukua korosho. Picha nyingi zinazonifikia zimepigwa kibandani, chini ya turubai la bluu, na ubluu huo umeingia kwenye kila punje. Wengi hukimbilia kuongeza mwanga mpaka korosho ziwe nyeupe pe. Hapo unamdanganya mnunuzi, maana rangi ya korosho ni daraja, na daraja ni bei. W320 ni korosho nzima, nyeupe, punje 300 hadi 320 kwa ratili moja. Zilizobabuka kwa joto zina daraja lake, SW, na bei yake iko chini. Ukizipausha za SW, umezipandisha daraja kwa brashi. Rekebisha mizani ya rangi tu: wakati wa kupiga, weka kadi ya kijivu pembeni ya mzigo, kisha kwenye programu bofya kijivu hicho. Ubluu unatoka, rangi ya korosho inabaki ilivyo.

Mpingo nao usiuzamishe kwenye weusi mtupu. Inua vivuli kidogo mkato wa patasi uonekane.

Kwenye kanga, tatizo ni mikunjo. Kanga ina pindo, mji na jina, na brashi ya kunakili, ile inayochukua kipande cha picha na kufunikia kingine, haijui hata kimoja. Ukifuta mkunjo uliopita kwenye jina, herufi zinapinda au zinapotea. Ukigeuza picha kushoto kulia ili dada atazame upande unaoutaka, jina linasomeka kinyume, na akina mama wa huku husoma kanga kabla hawajamtazama aliyeivaa. Kwa hiyo piga pasi kwanza, hata kama mteja ana haraka. Mikunjo ya kiunoni na kwenye kiwiko iache, kwani bila hiyo nguo huonekana imebandikwa mwilini.

Hariri kwenye leya, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, picha ya asili isiguswe. Ya mtandaoni itoe kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini. Ya bango au kifungashio muulize mchapaji anataka nini, na omba akuchapie sampuli moja kabla ya zote.

Sasa ngozi, na hapa sina masihara. Ombi linalorudi kila mara ni "mng'arishe kidogo," yaani dada aliyevaa nguo afanywe mweupe zaidi. Mimi huondoa chunusi ya leo na kupunguza mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Makovu, chale na alama za kuzaliwa nazo naviacha, isipokuwa mwenye mwili ameomba. Silainishi ngozi kwa ukungu, kwa sababu vinyweleo vikipotea uso unakuwa wa plastiki. Uso ukiwa gizani, naung'arisha kwa brashi hafifu, kidogo kidogo, huku rangi yake ikibaki ileile. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ya mwanamitindo aliyebadilishwa umbo kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imehaririwa. Sisi tusingoje sheria ndipo tuwaheshimu dada zetu.

Mfanyabiashara akibisha, mweleze kwa lugha ya mzigo wake. Rangi ya ngozi zetu kwenye programu inakaa pamoja na chungwa na njano. Ukiisukuma iwe nyeupe, chungwa la kitenge nalo linapauka, mnunuzi anapokea kitu kingine, na gharama ya kurudisha mzigo ni ya muuzaji. Wengi huelewa hapo hapo. Anayeshikilia msimamo wake, mrudishie picha zake na malipo aliyotanguliza.