Picha safi, mguu hauendi: mdogo wako hajifanyi

Dada wa Likoni, umeuliza vipi mguu wa mdogo wako ufe na picha ya ubongo itoke safi, na kama anajifanya. Hajifanyi. Picha haionyeshi jeraha kwenye ubongo. Yaelekea namna unavyouamrisha mwili ndiyo imevurugika; madaktari huita hali hii FND, yaani kuvurugika kwa utendaji wa neva.

Mwombe daktari amlaze, atie mkono chini ya kisigino cha mguu mgonjwa, kisha amwambie anyanyue ule mzima kwa nguvu. Mguu uliokataa amri ukikandamiza wenyewe, basi njia ya neva ipo. Alama hii aliieleza daktari Mmarekani Charles Hoover mwaka 1908. Naye mdogo wako aonyeshwe, aamini mguu wake.

Tiba ni fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, inayoyaondoa mawazo kwenye mguu, kama kutembea huku akiongea. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 355 wa namna hii, uliochapishwa 2024, haukuona tofauti na huduma ya kawaida kwenye kipimo kikuu, cha uwezo wa mwili, ila waliopata mazoezi haya maalumu walielekea zaidi kusema wamepata nafuu. Kwangu hilo si dogo.

Kisomo mnachomsomea nyumbani endeleeni nacho, lakini mvusheni hadi Hospitali Kuu ya Pwani wiki hii.