Kila ganda na kisu chake: kumenya mihogo, magimbi na jamii ya viazi

Naumia nikiona ganda la kiazi likienda jaani na nyama nene imelishikilia. Mara nyingi wa kulaumiwa si mkono mzito. Tunamenya kila kitu kwa namna moja, wakati kila zao la mizizi lina ganda lenye tabia yake.

Kabla ya yote, osha udongo kwanza, ndipo umenye. Kisu kikipita kwenye ganda chafu, mchanga unaingia nao ndani. Magimbi ndiyo yanayohitaji uangalifu hapa, nitakueleza.

Muhogo usiuchonge kama penseli, utachoka na utaupunguza bure. Ukate vipande vya urefu wa kiganja. Pitisha ncha ya kisu kwa urefu wa kipande hadi uhisi imegota kwenye nyama, kisha iingize chini ya ganda na ubinue kwa kidole gumba. Muhogo ukiwa mbichi kweli, ganda linaachia lote kwa mkupuo. Litazame: yako mawili, la nje jembamba la kahawia na la ndani nene, jeupe au la rangi ya waridi. Yaondoe yote mawili. Muhogo una kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi, na nyingi zimo kwenye ganda. Ndiyo maana siukubali muhogo wa kutafunwa mbichi hata kidogo. Uchemshe mpaka uive kabisa, maji yake yamwage. Mihogo michungu ni habari nyingine, hiyo kuchemsha peke yake hakutoshi. Na ukipasua ukakuta mistari ya bluu au nyeusi, huo umeshaanza kuharibika. Muhogo haukai, siku mbili tatu tu baada ya kuchimbwa unabadilika.

Magimbi yanawasha kwa sababu yana fuwele za oksaleti ya kalsiamu zenye ncha kali zinazochoma ngozi. Yakilowa utelezi unazidi, kisu kinakosa pa kushika na mikono inawasha zaidi. Kwa hiyo yaoshe mapema, yaache yakauke vizuri, jipake mafuta ya kupikia mikononi au vaa glavu, ndipo umenye. Mwenye ngozi nyepesi ayachemshe na maganda yake, yakipoa kidogo ganda linavuliwa kwa vidole. Yaive hasa, maana gimbi lisiloiva linawasha hadi kooni.

Viazi mviringo vikichipua au kuwa na kijani, usibembeleze: kata macho yote na sehemu ya kijani kwa kina, na kilichoenea kijani au chenye ladha chungu kitupe. Kile kijani ni dalili kwamba kimepigwa na mwanga, na sumu ya solanini huongezeka humo. Viazi vilivyomenywa vizamishe kwenye maji visigeuke rangi. Viazi vitamu navichemsha na maganda. Ni rahisi zaidi na utomvu haunati vidoleni.

Karoti changa sizimenyi, nazisugua kwa brashi tu. Tangawizi ikwangue kwa ukingo wa kijiko, kinafuata kona zake kuliko kisu.

Bitiruti ipikwe nzima, na ganda lake na kishina cha sentimita mbili hivi, bila kukata mkia. Ukiijeruhi, rangi yote inaishia kwenye maji. Ikiiva, ishike chini ya maji baridi uisugue kwa vidole gumba, ganda linateleza lenyewe.