Grupu linasema nisiende msiba wa jirani Mkristo, nifanyeje shehe?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani ilirushwa klipu ya mhubiri anamkashifu Mtume (s.a.w), tangu hapo watu wanahamasishana tuwasusie majirani Wakristo, tusinunue kwao wala tusiende misiba yao. Sasa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kafiwa na mumewe. Mimi kwenye grupu nimenyamaza tu, ila ile klipu nilimrushia shemeji yangu. Kunyamaza kwangu ni dhambi? Na huku kuvumiliana si ndo udhaifu wa imani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujafuata mkumbo, maana wengi wanakuja kuuliza wakishaharibu.

Kuumia una haki, Mwislamu akisikia Mtume wake anakashifiwa na asihisi chochote huyo ndo wa kumhofia. Ila huyo mama aliyefiwa yeye kasema nini? Yeye ndo alishika maiki? Suratul An'aam aya ya 164 Allah anasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na sisi aya hii tunaipenda sana ikitufaa, magaidi wakilipua mahali tunakuwa wa kwanza kusema jamani msituhesabie Waislamu wote, na ni kweli kabisa, basi haki hiyohiyo na jirani yako anayo.

Nakumbusha ya Mbagala Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana, mmoja akaukojolea msahafu, kosa la mtoto, mwishowe makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Waliokuwa wanasali kwenye makanisa yale walihusika vipi na ubishi wa wale watoto? Sijawahi kumsikia mtu akinijibu hilo kwa aya.

Sasa hilo la udhaifu. Soma Al-Maaida aya ya 8, kuwachukia watu kusiwafanye mkaacha uadilifu. Angalia vizuri, aya haijasema moyo wako hautachukia, imekataza chuki isikuondoe kwenye haki, na kuzuia mkono wakati moyo unawaka ni kazi ya mwenye nguvu. Itikadi yako inabaki palepale, lakum dinukum waliya din, nyinyi mna dini yenu nami nina yangu, hakuna anayekuambia uamini anachoamini jirani.

Wale abiria wa basi la Mandera kule Kenya, Desemba 2015, al-Shabaab wamewasimamisha karibu na El Wak wakawaambia Waislamu kaeni huku Wakristo huku, na mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, kuna watu 28 walitenganishwa hivyohivyo wakauawa. Waislamu wakakataa kujitenga, kina mama wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri wasijulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Nani wa kumwambia huyo imani yake ilikuwa dhaifu? Allah amrehemu.

Kuhusu kunyamaza, Mtume kasema anayeona ovu alibadilishe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo na huo ndo udhaifu zaidi wa imani. Kwa hiyo ukiuliza udhaifu wa imani uko wapi, hadithi imeshaonyesha. Mkono una wenyewe, kwenye grupu mwenye mkono ni admini maana yeye anaweza kufuta, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga, hii baadhi ya maadmini hawaijui kabisa wanadhani ni cheo tu cha kuongeza watu kwenye grupu. Wewe una ulimi. Andika mistari miwili kwa adabu kwamba susio hili linawaonea wasiohusika, usibishane zaidi, na kama unahofia mfuate admini au imamu pembeni umwambie. Ukikaa kimya huku unaweza kusema, ndiyo, una sehemu yako.

Huyo mhubiri naye asiachwe hivihivi, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua kosa la kukashifu dini, mwenye ushahidi aende polisi. Kumtukania dini yake hapana, An'aam 108 imekataza.

Msibani nenda. Jeneza la Myahudi lilipita Mtume akasimama, akaambiwa ni Myahudi huyo, akasema, kwani si nafsi? Iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Ibada yao usishiriki, lakini kukaa na wafiwa, kuchota maji, kubeba viti, kutoa rambirambi, hayo yote yafanye, na mkeo aende akae na huyo mama.

Na shemeji yako mpigie leo aifute hiyo klipu na umuulize kairusha kwa nani mwingine, nao waambiwe, maana yamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila alichokisikia. Ukimaliza leta istighfari, umuombe Allah msamaha. Wallahu aalam.