Barua kwa mwanangu: chozi kwenye kamba ya nguo

Mwanangu Nyambura,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Unasema Misani mawazo yanakutoroka hata kabla masomo hayajaisha, lakini ukikaa juu ya jiwe karibu na maporomoko ya msitu wa Karura, Jumamosi asubuhi, moyo unatulia na unahisi hauko peke yako. Kisha ukauliza: "Mama, hiyo ni sala, ama nimeanza kuabudu miti?" Sikutaka kukujibu kwa simu nikiwa kwenye matatu. Na kuna jambo sijawahi kukuambia.

Baba yako alipofariki, nilikaa miezi bila kuweza kusali. Nilishika rozari, vidole vikatembea kwenye punje, mdomo usitoe neno. Hata Baba Yetu ilinikwama kooni. Sikumwambia mtu, maana nilikuwa katibu wa jumuiya na wenzangu walinitegemea niongoze sala. Asubuhi nilikuwa nakaa pale kwenye roshani, hapa Umoja, chai ikipoa mkononi, natazama tu magorofa ya jirani.

Ndipo akaja chozi. Unamjua: yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza maua ya mshubiri wangu ulio kwenye mkebe. Dume lake hung'aa kijani na buluu, lakini huyu alikuwa jike, rangi yake kama majani makavu. Alileta utando wa buibui mdomoni, akauzungusha kwenye kamba ya nguo, akaenda zake, akarudi na mwingine. Siku ya nne palikuwa pananing'inia kitu kama soksi ya mtoto, kimefumwa kwa nyasi na nyuzi na kipande cha karatasi ya mkate. Mlango ulikuwa ubavuni, na juu ya mlango kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Nani alimfundisha kibaraza? Nikaacha kuanika nguo kwenye kamba ile. Kila siku nilimtazama, bila kutafuta fundisho lolote. Asubuhi moja nikausikia mdomo wangu ukisema, "Asante." Lilikuwa neno langu la kwanza kwa Mungu tangu tulipomzika baba yako. Nililia mpaka chai ikawa baridi kabisa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mwanangu. Inaweza kuwa sala, na kwangu ilikuwa sala pekee iliyobaki. Bwana Yesu mwenyewe alisema, "Waangalieni ndege wa angani," na "fikirini maua ya mashamba." Tumezoea kuyasoma kama maneno ya kututuliza tunapohangaikia kodi na karo, nayo ni hivyo kweli. Lakini hebu yasikilize tena: ni amri. Waangalieni. Kuangalia ndege kumo katika mahubiri yale yale yaliyotupa Baba Yetu.

Kuhusu miti, usitishwe. Wazee wetu waliosimama chini ya mugumo, nyuso zimeelekea Kirinyaga, hawakuwa wakiuomba mti wala mlima. Walikuwa wakimwita Ngai, na Biblia ilipotafsiriwa kwa Kikuyu, jina hilo hilo ndilo lililoandikwa. Shosho alilitamka shambani na kanisani bila kubadilisha sauti. Lakini hatari unayoiogopa ipo. Katika sura ya kwanza kwa Warumi, Paulo anasema mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa vitu alivyoviumba, na mistari mitano tu mbele anasikitika kwamba watu wamesujudia kiumbe wakamwacha Muumba. Kumbe njia zote mbili zinaanzia mahali pamoja! Mimi hujipima hivi: nikiinuka pale nilipokaa, je, nimebaki na utamu wa moyo wangu tu, au kuna niliyemshukuru, niliyemlalamikia, niliyemwomba msamaha?

Msamaha nimeutaja kwa sababu. Katika jangwa la Misri aliishi mmonaki mmoja, Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Alifundisha kwamba mtu huanza kwa kupambana na tamaa na hasira zake, kisha hujifunza kuvitazama viumbe jinsi inavyopasa, na kutoka hapo huelekea kumjua Mungu mwenyewe. Hasira, alisema, hulitia giza jicho la ndani. Nimeliona hilo kwangu. Siku niliyogombana na dada yako juu ya pesa za matanga, kiota kilikuwa pale pale na mimi sikukiona. Basi ukienda Karura na kinyongo cha kazini, usishangae maporomoko yakiwa maji tu. Zungumza kwanza na Mungu kuhusu huyo bosi. Na simu iache kwenye begi, nakuomba. Ukishaanza kutafuta picha nzuri, umeacha kutazama.

Tena usiende kwenye uzuri tu. Zaburi ya 104 inawataja simba wanaonguruma wakimwomba Mungu chakula, na inamtaja korongo na mti wake. Mimi nikipita karibu na Uwanja wa Nyayo huwaona korongo wetu juu ya migunga, wale wenye kipara na mfuko shingoni, wanaokula taka zetu na kunuka. Hao nao Mungu anawalisha. Na Mto Nairobi mweusi kwa uchafu ni kiumbe chake pia. Kuutazama kwa dakika kumi bila kugeuza uso ni sala ya toba, na ni ngumu kuliko ya jiwe lako.

Hilo jiwe lenyewe lina gharama. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Karura walipokwenda kupanda miti katika msitu uliokuwa unagawiwa wajenzi. Alipasuliwa kichwa. Angekaa nyumbani siku ile, pengine ungekuwa unasikiliza jenereta badala ya maji. Ukikaa pale, mshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini Misa usiache. Hili nalisema kama mama yako. Chozi alinirudishia neno moja, lakini hakuniletea sufuria ya githeri, wala hakulala sebuleni kwangu usiku ule wa kwanza. Walioyafanya hayo ni akina mama wa jumuiya, wanaoimba nje ya sauti na kuhubiri marefu mno. Mti hauwezi kukupa Ekaristi. Ulichokipata jiweni, kibebe Jumapili ukakiweke altareni pamoja na mkate na divai, ambavyo navyo vilikuwa ngano na zabibu shambani. Mawazo yakitoroka, yaite polepole, kama unavyongoja ndege arudi.

Jumamosi ijayo nitakuja tukae wote. Nitaleta chupa ya chai, na hatutaongea mpaka tutoke getini. Siwezi kukaa sana, kwa maana jana asubuhi chozi jike alirudi, utando mdomoni, akaanza kuzungusha kwenye kamba ile ile. Nguo zangu sasa zinakaukia kwenye viti.

Mama yako