Nguo zikichoma ngozi, jaribu soko la Kibuye
Pole sana dada. Unauliza uvae nini kazini, joto hili la Kisumu, na fibromaialjia, ule ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, imefanya hata mshono ukuchome. Mimi huenda Kibuye Jumapili kuchambua mitumba. Pamba iliyofuliwa mara nyingi imeshalainika, mpya ya dukani bado ni ngumu. Rangi baadaye, kwanza pitisha kitambaa upande wa ndani wa kiwiko, hapo ngozi haidanganyi. Lebo usiikate kwa makasi, kisiki chake hukwaruza kuliko lebo yenyewe. Fumua uzi. Sidiria ilinishinda kabisa, nikahamia fulana ya ndani, naivaa mishono ikiwa nje. Nani ataona? Fua kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mara mbili. Siku mbaya, dera tu. Vipele vikitokea, muone daktari.