Ruzuku Saba, Ofisi Tatu: Tuzisimamie Vipi Pamoja?

SWALI: Mimi ni mkuu wa fedha katika shirika lenye makao yake Kisumu na ofisi ndogo Kakamega na Nakuru. Tuna ruzuku saba, na kila meneja wa mradi husimamia yake kivyake. Mwaka jana ripoti mbili zilichelewa, na mkaguzi wa hesabu akakuta stakabadhi moja ya mafuta ya gari imelipiwa na wafadhili wawili. Bodi sasa inataka kitengo kimoja cha ruzuku, lakini mameneja wanahofia kunyang'anywa miradi yao. Nianzie wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hofu ya mameneja wenu ina msingi, na nakusihi uishughulikie kabla ya kutangaza nafasi yoyote ya kazi. Yanayofaa kuletwa pamoja ni mikataba, kalenda ya ripoti, uhakiki wa matumizi na utunzaji wa nyaraka. Uamuzi wa mahali pa kuchimba kisima au siku ya kuwafunza wakulima ubaki kwa wale walio karibu na wananchi. Liandikeni hilo, mkurugenzi atie sahihi, na kila meneja apewe nakala.

Kisha someni mikataba yote saba, ukurasa kwa ukurasa, mkiingiza masharti yake katika sajili moja. Masharti hayo hayafanani. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2024 zinaliruhusu shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango chake lenyewe kudai gharama za uendeshaji wa ofisi hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za mradi wenyewe, baada ya kuondoa zile ambazo kanuni hazizihesabu, ilhali awali kiwango kilikuwa asilimia 10. Asiyekijua kifungu hicho hujikosesha fedha halali za kodi ya ofisi na umeme. Na serikali hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kila shirika lililoguswa lilihitaji kujua upesi limetumia kiasi gani na linadai kiasi gani, jambo gumu mno pale hesabu zinapokuwa zimetawanyika katika ofisi tatu.

Watu watatu watatosha: msimamizi aliyezoea kusoma mikataba, mhasibu wa ruzuku, na afisa atakayezuru Nakuru na Kakamega kukagua kama masharti yanafuatwa. Huyo msimamizi mtafuteni kwanza miongoni mwenu. Huenda ni yule ambaye siku zote huwakumbusha wenzake tarehe za ripoti bila kutumwa.

Kuhusu ile stakabadhi ya mafuta, dawa yake ni muhuri. Kabla ya malipo, stakabadhi halisi, wala si nakala, igongwe muhuri unaoonyesha mradi na fungu la bajeti, na baada ya malipo igongwe "IMELIPWA". Gari likitoka Nakuru hadi Molo kwa kazi ya miradi miwili, gharama igawanywe kwa kilomita zilizoandikwa na dereva katika daftari la safari. Mishahara nayo igawanywe kwa kazi iliyofanyika kweli, wala si kwa makisio ya bajeti.

Anzeni na ruzuku mbili za meneja aliye tayari, mwanzoni mwa robo ya mwaka. Zinazokaribia kufungwa ziacheni zimalizike zilivyo.