Kufufua samani za zamani kwa mkono: kunatuliza akili kweli, au ni kujitafutia kazi?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Moja, kama kukarabati fenicha kuukuu kwa mkono kunapumzisha akili kweli au watu wanajifariji tu. Pili, kama ni lazima ununue mashine ya msasa kabla hujakigusa hicho kiti kinachoyumba ulichoachiwa na babu. La pili ni jepesi: usinunue. La kwanza lina maelezo.

Mimi si seremala. Kazi yangu ni ya kompyuta kutwa nzima, na kwa miaka mingi nilikuwa nafumba macho usiku huku kichwa kikiendelea kupiga hesabu. Nikasikia habari za hii hobi, nikaokota meza ndogo iliyotupwa, nikaazima mashine ya msasa nikitaka nimalize kabla ya jua kuzama. Nisichokijua ni kwamba ile meza ilikuwa na vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao hafifu, mara nyingi haifiki hata milimita moja. Mashine ilipita sekunde chache tu, katikati kukatokea doa la rangi nyingine. Nikadhani uchafu, nikakandamiza zaidi. Doa likatanuka. Kumbe nilishatoboa. Meza hiyo ninayo hadi leo, imefunikwa kitambaa mwaka mzima, na mgeni akishika ncha ya kitambaa mimi nabadilisha mazungumzo.

Tangu hapo ni mkono tu. Si kwa ushamba. Mkono una breki. Kabla hujapiga msasa, tazama ukingo wa ubao: mistari ya mbao ikitoka juu na kushuka ukingoni bila kukatika, hiyo ni mbao kamili. Ukiona utando tofauti kama karatasi iliyobandikwa, punguza nguvu.

Sasa utulivu. Usitegemee utakuja ukiketi tu na kushika msasa. Kwangu dakika 20 za mwanzo kichwa bado kinabishana na watu wa ofisini. Kinachonishika baadaye ni sauti. Msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) ukiwa mpya unakwaruza kwa kelele. Kadiri mbao inavyosawazika sauti inashuka mpaka inakuwa kama mtu ananong'ona. Hapo ndipo ujue namba hiyo imemaliza kazi, uhamie 180, kisha 220. Sikio likishaanza kufuatilia hilo, hakuna nafasi ya kuwaza barua pepe. Uzungushie msasa kwenye kipande cha ubao ili usichimbe mabonde, na sugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, mikwaruzo hutaiona siku hiyo. Utaiona siku ya vanishi, yote, imejipanga.

Na kuna kusubiri. Gundi haina haraka na wewe. Nadhani hicho ndicho kinachoniponya kuliko yote, maana hakuna kitufe cha kuharakisha.

Turudi kwenye kiti chako. Kiti kuyumba karibu kila mara ni gundi iliyochoka kwenye maungo. Tafadhali sana usipige misumari. Msumari unapasua ule ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu, na atakayekuja kurekebisha baada yako atakulaani kwa haki. Kama kiti ni cha kabla ya katikati ya karne ya 20, kuna uwezekano mkubwa kimeunganishwa kwa gundi ya ngozi, ile iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Uzuri wake ni kwamba maji ya moto yanailainisha, kwa hiyo kiungo kinafunguka bila kuvunjika. Weka alama kila kipande kabla hujakitoa. Mimi niliwahi kuamini kumbukumbu yangu, nikarudisha ubao wa kulia kushoto, na nikagundua gundi ikiwa imeshakauka.

Ukishafungua, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uione mbao. Hapa wengi wanaruka hatua, halafu wanalalamika kiti kimelegea tena. Gundi nyeupe ya mbao inahitaji kuingia kwenye vinyweleo vya mbao. Juu ya gundi kavu haina pa kushika. Kazi hii ni ya patasi ndogo na subira, na kusema kweli ndiyo sehemu niipendayo, ingawa nikimwelezea mke wangu ananitazama kama mgonjwa. Huna jiriwa, yaani kibanio cha kukaza vipande wakati gundi inakauka? Zungusha kamba kwenye miguu, pitisha kijiti katikati ya kamba, kisokote mpaka ikaze. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa uhakikishe miguu yote minne inagusa. Kisha kiache siku nzima.

Kuhusu rangi ya juu, usikimbilie kuikwangua yote. Weusi unaouona mara nyingi ni nta na jasho la mikono ya miaka, na kitambaa chenye tapentaini kidogo kinautoa. Kisha jaribu tone la spiriti mahali pa kujificha, chini ya kikalio: pakinata, hiyo ni shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyuka kwenye spiriti, na unaweza kupaka mpya juu ya ya zamani bila kubandua kitu. Kama kuna sehemu iliyobonyea kwenye mbao tupu, weka kitambaa kibichi juu yake, gusa kwa pasi ya moto kidogo kidogo. Mvuke unazivimbisha nyuzi zilizokandamizwa na bonde linapanda mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Mambo mawili hayana mzaha. Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu (Marekani waliipiga marufuku majumbani 1978 tu), kwa hiyo usiisugue kavu ukavuta vumbi lake, hasa kama kuna watoto ndani. Na matambara yenye mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao, usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo: yanapokauka yanatoa joto, na yakirundikana yanawaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae.

Zipo siku pia ambapo hakuna utulivu wowote. Vumbi limetua kwenye vanishi mbichi, ulimi umepasuka, unatamani kukitupa kiti dirishani. Siku hizo nafunga mlango naenda kulala.

Kwa leo kigeuze kiti juu chini, shika mguu mmoja mmoja uutikise taratibu. Anza na ya nyuma, pale ubao wa pembeni unapoingia kwenye mguu, maana ndipo uzito unapolemea mtu akiegemea. Piga picha ya hapo uiweke, tuone kama kuna msumari wa mtu aliyekutangulia.